Anaiona Tanzania, Namswea Haioni

Tarehe 25 Juni 2025 Yanga waliifunga Simba mabao 2 kwa 0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule mchezo uliokuwa umeahirishwa tangu mwezi Machi. Sisi huku Namswea hatukuuona. Tulikuwa wodini kwa zamu, dada yetu mkubwa akiwa na siku ya nne kitandani kwa ugonjwa wa mapafu. Jioni ile simu ikalia. Alikuwa binti yake, ambaye yuko Uingereza akifanya kazi ya kutunza wazee, na alikuwa na furaha tele kwa sababu ni Yanga tangu utoto. Akatusimulia mchezo wote, nani alikosa, nani alianguka, mashabiki walivyoimba. Alipomaliza akauliza, "Mama yuko wapi nimwamkie?" Tukamjibu kwamba amekwenda kwenye jumuiya.

Uongo huo tuliubeba siku tano. Wasomaji wetu wapendwa, nanyi mnajua desturi yetu: aliye mbali hasumbuliwi kwa habari ya ugonjwa mpaka mgonjwa apone, au mpaka iwe lazima. Tulidhani tunamhurumia. Siku dada aliyotoka hospitali, kijana mmoja wa ukoo akaweka picha yake kwenye simu pamoja na maneno ya kumshukuru Mungu, na binti akaiona akiwa ndani ya basi anakwenda kazini. Akatupigia analia. "Mama zangu," alituambia, "nilijua bao limefungwa dakika ya ngapi, lakini sikujua mama yangu anapumua vipi."

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilizungumza jambo hili katika nyumba yetu, na tumeona tulilete hapa, kwa kuwa familia zenye mtoto ng'ambo siku hizi ni nyingi hata vijijini kwetu Umatengo.

Tuanze na jambo la kuchekesha kidogo. Kati yetu na binti yetu, anayeitazama televisheni ya Tanzania zaidi ni yeye. Sisi tulioko nchini hatumfikii. Nyumbani kwetu hakuna ungo. Tukitaka taarifa ya habari ya saa 2 usiku tunakwenda dukani kwa jirani mwenye sola na king'amuzi, na huko anayeshika rimoti ndiye mwenye duka, naye hapendi habari, anapenda mieleka. Simu za kupangusa tunazo mbili, lakini kifurushi cha intaneti kinayeyuka kabla wimbo mmoja haujaisha. Yeye kule ana intaneti ya nyumbani anayolipa kwa mwezi, usiku na mchana. Anatazama TBC, anatazama ITV, anatazama tamthilia na vichekesho, na misiba ya watu mashuhuri huitazama tangu asubuhi hadi kaburini. Kwa hiyo yeye ndiye hutupigia kutueleza bei ya mafuta imepanda na waziri gani ameondolewa. Mwezi Septemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara mkoani Ruvuma, binti alikaa macho kwenye simu akitafuta katika umati sura ya mtu anayemjua. Alitafuta hasa kitenge cha mama yake. Mama yake siku hiyo alikuwa nyumbani anaanika kahawa.

Wale walioondoka zamani hawakuwa na haya. Aliyekwenda kusoma Ulaya miaka ya 60 alikuwa na redio ya masafa mafupi, akihangaika na kisu cha redio usiku apate japo sauti ya Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwako tangu 1957, na ya Ujerumani, Deutsche Welle, tangu 1963. Barua ilichukua wiki tatu, ikibahatika. Baadaye watu wakarekodi kanda za kaseti, shangazi na wajomba wote wakipita mmoja mmoja kutoa salamu mbele ya redio, na jogoo akiwika nyuma. Sisi wenyewe tunaikumbuka kanda moja iliyokwenda Italia kwa mtawa wa ukoo wetu, yenye kina mama wakiimba kioda upande mzima. Alituandikia kwamba aliisikiliza mpaka utepe ukakatika.

Wala tusidhani televisheni ni jambo la kale kwetu. Zanzibar walianza mwaka 1973, tena kwa rangi, lakini Bara tulingoja hadi 1994 ndipo stesheni za watu binafsi kama ITV zikaanza Dar es Salaam, na televisheni ya taifa ikafuata mwishoni mwa miaka ya 90. Vijijini Mbinga wengi tuliiona kwanza ikiwa imekwisha kuwa jambo la kawaida mjini. Kisha mitambo ya zamani ikaanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, tukajifunza neno king'amuzi. Na sasa televisheni imeingia ndani ya simu, haina haja ya ungo wala mlingoti, na mtu aliyeko Leicester au Maskati anaiona sawasawa na aliyeko Mbagala.

Si kila kitu lakini. Binti yetu alituelimisha kwamba vipindi vingine humwandikia kwamba havipatikani katika nchi aliyoko. Sababu yake ni biashara. Haki ya kuonyesha mchezo au sinema huuzwa kwa eneo, kama vile mtu anavyokodisha shamba lenye mipaka. Mwaka 2021 Azam walitia saini na Shirikisho la Soka mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wa shilingi bilioni 225.6. Aliyetoa fedha kama hizo hawezi kuacha mpira utazamwe bure, ndiyo maana binti hulipia programu yao kwenye simu. Wapo pia wajanja wanaouza viungo vya wizi kwenye makundi ya Watanzania kule. Shoga yake mmoja alitoa namba za kadi yake ya benki kwa watu hao, akajikuta ametazama nusu ya kwanza ya mchezo kwa bei ya mbuzi wawili.

Na lipo la leseni, ambalo tunalitaja kwa faida ya wasomaji wenye watoto Uingereza. Kule sheria inamtaka mtu awe na leseni ya televisheni akitazama matangazo yoyote moja kwa moja yanaporushwa, hata yakiwa ya nchi ya nje, hata akitumia simu. Mwaka 2025 ada ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Vipindi vilivyokwisha kurushwa, ambavyo mtu huvifungua baadaye kwenye YouTube, havidaiwi leseni hiyo. Binti alipopata barua ya kwanza ya kuulizwa alidhani ni matapeli, akaitupa. Ilipokuja ya tatu akauliza kazini, akaambiwa ni kweli. Sasa anailipa kwa mafungu.

Turudi kwenye moyo wa jambo. Tulimwuliza, siku moja akiwa ametulia, kwa nini hasa anatazama sana. Tulitegemea aseme ni burudani. Akatueleza siku yake. Anaamka gizani, anakwenda kwa mzee wa kwanza, anamwosha, anamlisha, anakwenda kwa wa pili. Wazee wengine ni wema, wengine wamekwisha kupoteza kumbukumbu na humwita kwa jina la mtu mwingine. Siku nzima anasema Kiingereza cha sentensi fupi fupi. Akirudi, taarifa ya habari ya saa 2 usiku ya nyumbani inamkuta kule ikiwa saa 11 jioni wakati wa baridi, au saa 12 jioni majira ya joto. Anaifungua anapopika. "Sisikilizi sana," alisema. "Nataka tu pawe na watu ndani wanaosema Kiswahili."

Hapo tulinyamaza. Maana baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kumhukumu. Tulisema huko aliko hajaribu kuwajua majirani, anajifungia na simu. Na katika hilo bado tunadhani tulikuwa na haki kiasi, kwa sababu mwaka wake wa kwanza hakujua hata jina la mama anayeishi ukuta kwa ukuta naye. Alikuja kumjua siku mabomba yalipoganda. Lakini mtu aliyekunywa uji hamjui mwenye njaa. Hatujawahi sisi kukaa miezi sita bila kusikia mtu akituita kwa lugha yetu.

Tena kuna upande mwingine. Mtoto wa jirani yetu yuko Oman, akifanya kazi za nyumbani. Kazi hiyo ina mitihani yake, na siku nyingine tutaiandikia peke yake. Huyu alibahatika. Bibi mkubwa wa nyumba aliyoingia alizaliwa Unguja, na kama Waomani wengi wa asili hiyo anakijua Kiswahili, ila watoto wake hawakijui vizuri. Binti alikuwa akitazama tamthilia jikoni saa 3 usiku, akiwa ameweka simu juu ya gunia la mchele. Usiku mmoja bibi akasimama mlangoni, akasikiliza, kisha akavuta kiti. Tangu hapo walitazama wote wawili. Bibi alikuwa akimsahihisha mwigizaji anaposema Kiswahili cha mjini asichokipenda. Akikosa kipindi humwuliza yule binti asubuhi, "Haya, yule mume alirudi?" Mama yake binti anatuambia kwamba kilichomlinda mwanawe katika nyumba ile ni ile tamthilia, maana aliyekaa nawe kitini hukuona mtu. Sisi hatuwezi kusema ni hivyo kwa kila nyumba.

Sasa watoto. Binti yetu ana mtoto wa kike wa miaka saba, aliyekwenda kule akiwa mdogo. Kiswahili chake kimetoka kwa mama yake na kwenye katuni. Ubongo Kids, kipindi kilichotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, ndicho kilichomfundisha kuhesabu kwa Kiswahili kabla hajaanza shule ya Kiingereza. Tunawashukuru waliokitengeneza, hata kama hawatujui. Mtoto yule akitupigia anaamkia vizuri kabisa, shikamoo bibi, shikamoo bibi mdogo, kwa sauti ya watoto wa Dar.

Lakini bibi yake akifurahi husema Kimatengo. Hawezi kujizuia. Akishika simu na kuuona uso wa mjukuu, maneno yote ya Kiswahili humkimbia, na mtoto hubaki anatabasamu bila kuelewa neno. Kimatengo hakimo katika taarifa ya habari, hakimo katika tamthilia. Redio na televisheni zetu husema Kiswahili, na Kiingereza kidogo, nasi hatulalamiki, maana ndicho kilichotuunganisha na Mchagga na Mhaya. Tunasema tu kwamba mtoto anaweza kutazama televisheni ya nyumbani miaka kumi na asisikie hata mara moja lugha ambayo bibi yake anasalia.

Na si lugha peke yake. Nyumba anazoziona katika tamthilia zina makochi makubwa na geti la umeme. Mtoto alimwuliza mama yake kama geti la bibi nalo linafunguka lenyewe. Ngoro hajaziona. Yale mashimo ya mlimani ambayo wazee wetu waliyabuni, nyasi zikilazwa mistari ya mraba na udongo kufunikwa juu, mvua isiuteremshe mlima bondeni, wataalamu wametoka Japani kuja kuyasoma, lakini katika tamthilia hayamo. Hajaona sengu, mahali ambapo zamani watu wa ukoo walikula pamoja na kuamua mambo yao, na sisi wenyewe tuliisikia zaidi kwa wazee kuliko kuiona. Mtoto anaijua Tanzania. Ni Tanzania ya kweli, hatukatai. Ila ni ile iliyo karibu na kamera.

Lipo pia suala la Jumapili, ambalo lilituletea maneno nyumbani. Binti alikuwa akitazama Misa ya Kiswahili kwenye simu kila Jumapili, tena akiwa kitandani, kwa sababu kanisa la kule, alisema, ni la baridi, watu ishirini, wimbo mmoja, na mwishoni kila mtu anakwenda kwenye gari lake. Kwaya za nyumbani zinamtoa machozi. Mmoja wetu alisema ni afadhali hivyo kuliko kutosali kabisa. Mwingine akasema, je, akiugua, kwaya ya kwenye simu itamletea uji? Walibishana mpaka ugali ukapoa. Binti mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Alikwenda mara moja tu, akasema, kwa kumridhisha mama yake baada ya ule ugonjwa, akamwomba padre amtaje mama katika maombi. Padre akalisoma jina la Kimatengo vibaya sana. Baada ya Misa wazee wawili wakamfuata kumwuliza mama anaendeleaje, na Jumapili iliyofuata wakamwuliza tena. Sasa huenda kule asubuhi, na Misa ya Kiswahili huifungua mchana anapopiga pasi.

Kisha ikaja Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29, intaneti ilizimwa nchini, ikakaa hivyo siku kadhaa hadi mwanzoni mwa Novemba. Sisi tulikuwa kimya tu, tunapalilia na kungoja mvua. Binti yetu alikuwa na hali mbaya kuliko sisi. Chaneli alizozizoea kila usiku hazikumpa alichotaka, na stesheni za nje zikimwonyesha moto na vurugu za mjini na habari za amri ya kutotoka nje Dar es Salaam. Kwa macho ya aliye mbali, Dar na Namswea ni nchi moja, moshi ukionekana pale unafuka mlangoni kwa mama. Namba zetu zote alizokuwa amezizoea ni za kupiga kwa intaneti. Siku ya tatu akakumbuka kwamba jirani ana kitochi, na namba yake aliiandika nyuma ya picha ya ubatizo wa mtoto. Akanunua dakika za kawaida, akapiga. Jirani alikuja kutugongea saa 5 usiku akiwa amejifunika blanketi, ameinua simu juu kama taa. Dada yetu alisema maneno machache tu, tuko wazima, tumekula. Binti alimwomba ayarudie.

Baada ya hapo tulikaa tukapanga, na tunayaandika si kwa kuwa ni mazuri kuliko ya wengine. Kwanza, ugonjwa hatufichi tena. Homa ndogo ataambiwa kuwa ni homa ndogo. Hili lilikuwa gumu kwa dada, ambaye bado huficha dawa zake tukipiga picha. Pili, namba tatu za vitochi zimeandikwa kule ukutani. Tatu, kila Jumamosi jioni tunamtumia ujumbe wa sauti, wala hatupigi simu ya picha, kwa maana ya picha inakula kifurushi na kukatika, lakini sauti ni nyepesi, hata ikichelewa inafika. Tunasema mambo madogo: kuku ametotoa saba, mwewe kachukua wawili, deni la mbolea limebaki hivi, mama fulani wa kigango amejifungua. Bibi anapewa zamu yake, na anasema Kimatengo chote anachotaka. Mama wa mtoto humtafsiria.

Mwanzoni mtoto hakujali. Aliona ni sauti tu, hazina picha. Kisha siku moja, nyuma ya maneno ya bibi, mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa inazunguka, maana tulikuwa tumechuma kahawa za mwisho mwisho. Akauliza ule mlio ni wa nini. Tukamrekodia mlio ule peke yake, dakika nzima, na maji yakimwagika. Akauliza kahawa mbichi ina rangi gani, na je, inauma. Wiki iliyofuata akaleta ujumbe wake mwenyewe: alikuwa ameshika maneno matatu ya bibi, akayasema yote kwa pamoja bila mpangilio, huku nyuma katuni yake ikiendelea kuhesabu kwa Kiswahili.

Bibi aliusikiliza jikoni mara nne, akawaita wakwe waje wausikilize, mpaka simu ikazima moto. Tukaipeleka dukani kuchaji. Ilikuwa saa 2 usiku, na siku hiyo, kwa bahati, mwenye duka alikuwa ameiacha taarifa ya habari. Tulisimama pale mlangoni tukaitazama hadi mwisho, tukisema yeye naye saa hii yuko jikoni anapika.